Namna ya kuandika maoni yenye uzito sheria ya siri za wagonjwa inapopitiwa upya nchini Kenya

Maoni mengi yanayopelekwa Bungeni kuhusu siri za wagonjwa hayafiki popote, na sababu ni rahisi: hayasemi ni kifungu gani kibadilishwe wala kisomeke vipi. Mtu anaandika kwamba data za wagonjwa zilindwe, anataja Katiba, anatia sahihi. Karani wa kamati, ambaye ndiye huyapanga maoni yote kwenye jedwali kabla wabunge hawajaketi, hana pa kuyaweka. Jedwali lake lina safu ya kifungu, ya aliyetoa maoni, ya pendekezo na ya sababu. Barua isiyotaja kifungu huishia chini ya kichwa cha "maoni ya jumla", nayo sehemu hiyo hupitiwa mbio mbio.

Mwongozo huu ni wa muuguzi, chama cha wagonjwa, mhudumu wa afya wa jamii, fundi wa mifumo ya hospitali, mzazi, yeyote anayetaka maneno yake yaingie katika safu zile.

Tambua kwanza kilicho mezani

Tangazo la gazetini likisema "wananchi wanaalikwa kutoa maoni", usikimbilie kuandika. Soma ni waraka wa aina gani, maana kila aina ina mlango wake.

Mswada uko mikononi mwa Bunge. Ibara ya 118 ya Katiba inalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi, na kwa mambo ya afya kazi hiyo hufanywa na Kamati ya Afya. Kwa kuwa huduma za afya zimegatuliwa, miswada mingi ya afya hupitia Bunge la Kitaifa na Seneti pia. Ukipitwa na makataa ya nyumba moja, ngojea nyingine. Huo mlango wa pili watu wengi huusahau.

Rasimu ya kanuni iko kwa wizara. Kifungu cha 5 cha Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni (ile Na. 23) kinamtaka anayezitunga awashauri watakaoguswa nazo kabla hajazichapisha. Zikishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, lazima ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao, na kamati inayoshughulikia sheria ndogo ina uwezo wa kupendekeza zifutwe. Kwa hiyo hapa pia kuna nafasi mbili: wizarani kabla, na kwenye kamati baada ya kuchapishwa. Sheria hiyo hiyo inasema kanuni hufa zenyewe baada ya miaka 10 zisipoongezewa muda, jambo linalokupa sababu nzuri ya kudai zipitiwe.

Sera haina nguvu ya sheria, ila miswada huzaliwa humo. Ukiwa na muda mchache, weka nguvu zako kwenye mswada au kanuni.

Na kama hakuna chochote mezani ila unaona sheria iliyopo ina kasoro, Ibara ya 119 inakuruhusu kupeleka ombi Bungeni wakati wowote. Huhitaji kualikwa.

Weka sheria hizi kando yako

Mswada wa siri za afya hausomwi peke yake. Fungua Katiba, Ibara ya 31 (faragha), ya 24 (lini haki inaweza kupunguzwa) na ya 43 (haki ya afya). Fungua Sheria ya Afya, Na. 21 ya 2017, kifungu cha 11, kinachosema kuwa taarifa za mgonjwa, hata ile ya kwamba alilazwa, ni siri. Fungua Sheria ya Kulinda Data, Na. 24 ya 2019: kifungu cha 2 kinaiweka hali ya afya katika kundi la data nyeti, kifungu cha 46 kinasema ni nani anayeruhusiwa kuchakata data za afya, na vifungu vya 48 hadi 50 vinahusu kuzipeleka nje ya nchi. Kisha Sheria ya Afya ya Kidijitali, Na. 15 ya 2023, iliyounda Wakala wa Afya ya Kidijitali na mfumo mmoja wa kitaifa wa taarifa za afya. Kama jambo lako linagusa virusi vya Ukimwi, ongeza sheria ya mwaka 2006, Na. 14, ambayo ina masharti yake ya kutotoa majibu ya vipimo.

Zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Hakikisha toleo unalosoma limeingiza marekebisho yote; watu hupeleka mapendekezo ya kufuta maneno yaliyokwisha kufutwa, na kamati ikigundua hilo mara moja, kurasa zako zilizobaki zitasomwa kwa shaka.

Kuna kesi moja inayofaa kujulikana. Februari 2015 Rais alitoa agizo kwamba wakusanywe majina ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio katika hali hiyo. Tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la KELIN na wenzake, iliamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha na maslahi ya mtoto, ikaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yawekwe kwa mfumo wa misimbo isiyomhusisha mtu na hali yake. Ukikuta kifungu kinachodai orodha ya majina pale ambapo takwimu zingetosha, hiyo ndiyo kesi ya kutaja.

Mahali pa kukodoa macho

Anza na kifungu cha tafsiri, kile kinachoeleza maana ya maneno yaliyotumika. Humo ndimo sheria hupanuliwa au kubanwa bila kelele. Je, "data ya afya" inajumuisha picha ya eksirei, kipimo cha vinasaba, tarehe ya kuhudhuria kliniki, malipo ya simu kwa kituo fulani? Orodha ikiwa fupi, vilivyoachwa nje havina ulinzi wa sheria hiyo, na tarehe za kliniki pekee zinatosha kufichua mengi: mtu anayefika kila mwezi mlango ule ule wa CCC (kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi) hahitaji kutangaza anachotibiwa.

Halafu tafuta kila palipoandikwa kwamba Waziri atatunga kanuni. Zihesabu. Kama mswada unasema masharti ya ridhaa, muda wa kuhifadhi rekodi na watakaogawiwa data yote yatawekwa na kanuni, basi mswada wenyewe umekuachia ganda tu. Pendekezo linalofaa hapa ni kudai kiwango cha chini kiandikwe ndani ya sheria yenyewe, na Waziri aruhusiwe kuongeza ulinzi bila kuupunguza.

Tatu, na hapa kaa kwa muda: maneno ya "data iliyoondolewa utambulisho". Karibu kila sheria ya afya huruhusu data ya namna hiyo itumike kwa utafiti na mipango bila ridhaa ya mgonjwa. Swali ni imeondolewa kiasi gani. Kufuta jina na nambari ya kitambulisho hakutoshi. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha Marekani mwaka 2000 kwamba msimbo wa posta, tarehe kamili ya kuzaliwa na jinsia vikiwekwa pamoja vinaweza kumtenga mtu mmoja kati ya wote, na hilo lingetokea kwa takriban asilimia 87 ya wakazi wa nchi ile. Badala ya msimbo wa posta weka jina la wadi. Katika wadi ya mashambani, "mwanamke, miaka 34, ugonjwa wa nadra, alijifungua Machi" ni mtu ambaye majirani watamtaja bila kufikiri. Kwa hiyo dai mambo matatu kwa maneno: umri utolewe kwa makundi wala usitolewe kwa tarehe ya kuzaliwa, eneo lisiwe dogo kuliko kaunti ndogo kwa maradhi ya nadra, na jedwali lolote lenye watu wachache kuliko idadi fulani katika kisanduku lifichwe. Taasisi nyingi za takwimu duniani hutumia 5 au 10 kama mpaka. Chagua mmoja na useme kwa nini. Ongeza katazo: anayepokea data hiyo asijaribu kuwatambua wenyewe, na akijaribu iwe ni kosa.

Nne, misamaha ya "maslahi ya umma" na "dharura". Mlipuko wa ugonjwa unahitaji taarifa zitembee haraka, na maoni yanayokataa hilo hayatachukuliwa kwa uzito. Dai mipaka: nani anatangaza dharura, data ipi inahitajika, itafutwa au kurudishwa lini, na nani atakagua baadaye.

Tano, nani alifungua faili. Siri nyingi huvujia ndani ya kituo, kwenye meza ya mapokezi. Nenosiri moja limebandikwa kwa karatasi kando ya kompyuta, zamu tatu zinalitumia, na mfumo unaandika kwamba kila rekodi ilifunguliwa na mtu yule yule. Sheria inayodai "usalama wa kutosha" haiigusi hali hiyo. Inayodai kila mtumiaji awe na akaunti yake, kumbukumbu za kufungua faili zihifadhiwe kwa miaka kadhaa, na mgonjwa awe na haki ya kuomba orodha ya waliofungua faili lake, inaigusa. Wenye vituo vidogo watalalamika kuhusu gharama. Wajibu mapema kwa kupendekeza kipindi cha mpito, tuseme miezi 12 kwa zahanati na miezi 6 kwa hospitali kubwa.

Adhabu nazo zina mtego. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Kulinda Data kinaweka kikomo cha faini anayoweza kutoza Kamishna wa Data, ambaye ndiye msimamizi wa sheria hiyo: shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, *kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili*. Maana yake kampuni kubwa ya bima haiwezi kutozwa zaidi ya milioni 5 hata data ikivuja ya watu wangapi. Kubadilisha neno moja, "kidogo" kuwa "kikubwa", kunageuza kifungu kizima. Hilo ni pendekezo la mstari mmoja, na mapendekezo ya mstari mmoja ndiyo kamati huyapitisha kwa urahisi zaidi.

Kuhusu watoto na data kupelekwa nje, angalia tu kama mswada umerudia ulinzi wa sheria ya 2019 au umeulegeza. Ukilegezwa bila sababu iliyoelezwa, sema hivyo.

Kuandika safu moja hadi mwisho

Waraka wa maoni una sehemu tatu: nusu ukurasa wa utangulizi (ninyi ni nani, mnafanya kazi gani, mnaunga mkono au mnapinga mswada kwa ujumla), jedwali la mapendekezo, na sahihi pamoja na anwani. Mapendekezo 5 yaliyoiva ni bora kuliko 30. Yapange kwa uzito, la muhimu kabisa likiwa juu, kwa kuwa kwenye kikao mnaweza kupewa dakika chache tu.

Huu hapa mfano wa safu iliyokamilika, kuhusu sheria ambayo tayari ipo:

*Kifungu:* 43(1)(b), Sheria ya Kulinda Data, Na. 24 ya 2019.

*Kilivyo sasa:* Data ikivuja, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72, lakini mwenye data aarifiwe kwa maandishi ndani ya muda unaowezekana kwa busara.

*Pendekezo:* Ongeza sharti kuhusu data ya afya lisomeke: "Iwapo data iliyovuja ni ya afya, mwenye data ataarifiwa ndani ya siku 7 tangu uvujaji kujulikana, kwa njia ya mawasiliano aliyoichagua mwenyewe wakati wa kuandikishwa, na arifa hiyo haitataja maradhi, idara wala kliniki aliyohudhuria."

*Sababu:* Muda usiotajwa kwa siku hauwezi kusimamiwa. Mgonjwa anahitaji kujua mapema ili ajilinde dhidi ya vitisho na ulaghai. Simu nyingi hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani. Ujumbe unaotaja kliniki unakuwa uvujaji wa pili.

Tazama pale mwisho. Pendekezo la siku 7 pekee lingeweza kumdhuru yule yule linayemkusudia, kama mume au mkwe ndiye atakayeusoma ujumbe. Kabla hujapeleka safu yoyote, jiulize itafanyaje kazi kwa mgonjwa asiye na simu yake, asiyesoma, au anayeishi na mtu anayemwogopa.

Makosa yanayojirudia kwenye safu ya pendekezo ni haya. Mtu anaandika "kifungu kiboreshwe" bila kusema kisomekeje. Anachanganya nambari ya kifungu cha mswada na ile ya sheria inayorekebishwa: mswada wa marekebisho wenye vifungu 12 unaweza kuwa unagusa kifungu cha 46 cha sheria mama, na ni lazima utaje vyote viwili. Anadai ridhaa ya maandishi kwa kila jambo, hata mgonjwa aliyezimia akiletwa usiku, na kamati inalitupa pendekezo lote badala ya kuchukua nusu yake iliyo nzuri. Au anakopa maneno ya sheria za Ulaya yalivyo, yakiwa na vyeo na taasisi ambazo Kenya haina.

Lugha isikutishe. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi na ya Bunge, kwa hiyo waraka wa Kiswahili ni halali kabisa. Ila miswada huandikwa kwa Kiingereza. Ukiweza, ambatisha maneno ya kifungu unachopendekeza kwa Kiingereza pia, ili asiyekujua asikutafsirie kwa namna ambayo hukukusudia.

Jilinde wewe mwenyewe

Waraka ukishapokelewa ni waraka wa umma. Ripoti za kamati hutaja aliyependekeza nini na huwekwa kwenye tovuti ya Bunge, ambako huendelea kupatikana kwa miaka. Usiandike maradhi yako humo. Usiambatishe kadi ya kliniki, risiti wala barua ya daktari kama ushahidi. Muuguzi au daktari asisimulie kisa cha mgonjwa hata bila jina. Kituo, mwezi na aina ya ugonjwa vinatosha kumfichua, na mwenye taaluma anaweza kuitwa kujibu kwa baraza lake. Kama kisa cha mtu ni cha lazima, apitie kwa chama cha wagonjwa, ambacho kitaeleza tatizo kwa jumla na kutia sahihi kwa jina la chama.

Orodha ya sahihi za wanachama ni hatari hiyo hiyo. Chama cha watu wenye hali fulani kikiambatisha majina 200 na nambari za simu, kimetengeneza ile orodha ambayo mahakama iliikataa mwaka 2016. Mwenyekiti na katibu wanatosha.

Kuwasilisha

Tangazo hutaja siku na saa ya mwisho, aghalabu saa kumi na moja jioni. Dirisha huwa fupi, wiki mbili hivi au pungufu, kwa hiyo gawanya muda: siku tatu za kusoma, nne za kuandika, mbili za kupitisha kwa wenzako, na upeleke siku moja kabla.

Kwa Bunge la Kitaifa, waraka huelekezwa kwa Karani, S.L.P. 41842-00100 Nairobi, hupelekwa kwa mkono katika Majengo ya Bunge, au hutumwa kwa barua pepe ya cna@parliament.go.ke. Seneti ina karani wake. Usitume kwa mmoja ukidhani atampa mwenzake. Juu ya waraka, na kwenye mada ya barua pepe, andika jina kamili la mswada na nambari yake. Tuma faili ya PDF pamoja na ya Word. Ya pili ndiyo karani anayonakili kwenye jedwali. Ukimpa picha iliyopigwa kwa simu, atalazimika kuyachapa maneno yako upya, na atayafupisha.

Ukipeleka kwa mkono, beba nakala mbili na urudi na moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma barua pepe, omba jibu la kuthibitisha na uhifadhi barua yenyewe pamoja na tarehe zake. Kwa kanuni, nakala ya pili mpelekee Kamishna wa Data, kwa kuwa ofisi yake ndiyo inayosimamia Sheria ya Kulinda Data.

Mkialikwa kwenye kikao, msisome waraka. Wanakamati wanao. Chukueni mapendekezo mawili ya kwanza, taja kifungu, taja maneno mapya, eleza madhara yakiachwa, kisha ngoja maswali. Swali ambalo haliepukiki ni la gharama, kwa hiyo mwenye kuijua bei ya mifumo aketi mbele. Kwenye mkutano wa wananchi katika kaunti, ambako kipaza sauti hupita kwa watu wengi, dakika mbili ni bahati. Mpe karani waraka wenu mkononi kabla ya kuzungumza.

Baada ya makataa

Fuatilia ripoti ya kamati kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta jina lenu katika jedwali na usome uamuzi kwenye kila safu. Msitarajie barua ya maelezo: Oktoba 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, ilisema Katiba hailiwekei Bunge wajibu wa wazi wa kutoa sababu za kukubali au kukataa kila pendekezo la wananchi.

Kama pendekezo limekataliwa, bado kuna hatua ya marekebisho mswada unapojadiliwa kifungu kwa kifungu. Mbunge yeyote anaweza kuleta marekebisho hapo, naye huhitaji maneno yaliyo tayari. Mpelekeeni safu moja, ile muhimu, badala ya waraka mzima. Nyumba mbili zisipokubaliana, mswada huenda kwenye kamati ya upatanishi, na hapo ni vizuri kuwafikia wajumbe wake moja kwa moja kwa kuwa ni wachache.

Mahakama ni njia ya mwisho, nayo huangalia namna wananchi walivyoshirikishwa. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitangaza kuwa Sheria ya Afya ya Kidijitali, pamoja na ile ya Bima ya Afya ya Jamii na ya Afya ya Msingi, zilikuwa kinyume cha Katiba, na ushirikishaji duni wa umma ulikuwa mojawapo ya sababu. Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na sheria zikaendelea kutumika. Kwa hiyo hifadhini kila kitu katika faili moja: tangazo lilivyochapishwa na tarehe yake, waraka, nakala yenye muhuri, mwaliko wa kikao au ushahidi kwamba hamkualikwa, na ripoti ya kamati. Wakili atakayeichukua kesi ataanza kwa kuuliza tangazo lilitoka lini na mlipewa siku ngapi.